Tarishi wa Maganda

Siku waliyomzika mkwewe ndiyo siku Rehani bin Dadi alipojua kwamba mwili wake umemshinda.

Makaburi yalikuwa juu ya Kilakala, na njia ya kupandia ilikuwa kali, ya udongo mwekundu ulioteleza kwa manyunyu. Wanaume walikuwa wakipokezana jeneza mabegani. Zamu ya Rehani ilipofika aliingia mbele kwa haraka, maana yeye ndiye mkwe na watu wote walikuwa wakimtazama. Hakufika mbali. Pumzi ilimkatika, jeneza likainama upande wake hadi watu wa nyuma wakapiga kelele. Shemeji yake, Salehe, akamsukuma kando kwa kiwiko, akaweka bega lake pale. Rehani akabaki ukingoni mwa njia, mikono magotini, akihema, na msafara wote ukampita. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, labda angepata la kujibu.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba wote pale walikumbuka alivyokuwa zamani. Kabla ya reli kufika Morogoro, Rehani alikuwa tarishi. Alitoka bomani asubuhi na mkoba wa posta begani, akakimbia hadi Ngerengere, na hapo mwenzake akampokea na kuelekea pwani. Hakujua kuchoka. Kisha gari la moshi likaja, barua zikapanda behewani, na matarishi wa njia ile wakaambiwa kazi imekwisha. Rehani akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la pamba karibu na stesheni. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Alikaa juu ya kasha mlangoni, akala wali wa tajiri wake, akasinzia mchana, na usiku usingizi ukamkataa. Mwaka wa pili ulipoingia, kitambi kilikuwa kimetangulia mbele yake, moyo ulimwenda mbio akipanda ngazi za ghala tu, na nyumbani alikuwa mkali kwa kila jambo, hata chumvi ikizidi kidogo.

Baada ya mazishi yale siku kadhaa zilipita. Kisha asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alitoka akaanza kukimbia kuelekea mlimani.

Alikimbia kama mwizi, akikwepa nyumba. Maana mtu mzima akionekana anakimbia mjini, watu huuliza: ameiba nini, au anamkimbia nani, au ametumwa na nani? Rehani hakuwa na jibu hata moja. Siku ya kwanza alitapika kwenye migomba. Siku ya pili alikutana na mabinti wanaokwenda mtoni, wakasimama na vibuyu vyao wakimtazama tumbo linavyoruka, na mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu baba kapatwa na nini?" Rehani aligeuka akarudi nyumbani akitembea, masikio yakimwaka moto.

Ndipo alipoukumbuka mkoba wake wa posta. Ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango tangu alipoacha kazi. Hakuna mtu aliyekuja kuuchukua. Aliujaza maganda makavu ya mahindi ili utune, akaufunga kamba vizuri, akautupa begani. Kesho yake alipotoka, mambo yalikuwa mengine kabisa. Watu walimpisha njiani. Wenye mizigo walijibanza pembeni. "Posta hiyo! Mpisheni!" Hakuna aliyetazama tumbo lake. Alisikia raha, na papo hapo akasikia haya kwa sababu ya ile raha. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata aliuchukua tena.

Miezi ikapita. Mapaja yaliyokuwa yakimuuma yakakaza. Mwanzoni mwa kila safari kifua kilimbana na miguu ikawa mizito kama imefungwa mawe, lakini akishavuka kijito cha kwanza kitu kilifunguka ndani yake. Pumzi ikapata mwendo wake, ikaingia na kutoka bila kusukumwa, na mawazo yaliyokuwa yakimzunguka kitandani yakaanguka moja moja. Huko juu, ambako ukungu wa Uluguru unashuka na kukulowesha nyusi, alisimama akautazama mji, bati la stesheni likimetameta chini, akacheka peke yake. Usiku alilala kama aliyepigwa rungu. Alikula kidogo na chakula kikawa kitamu. Hakumfokea tena mkewe, Chausiku, wala binti yao mdogo, Asia. Kwenye hitima ya mkwewe alibeba gunia la mchele kutoka njia kuu hadi uani bila kupumzika, na Salehe akamtazama kwa mshangao.

"Baba Asia," Chausiku alimwambia jioni moja, "umekuwa kijana. Hao waliokupa posta tena, Mungu awabariki."

Rehani akainamia sahani yake. Hakuwa amemwambia kwamba amepewa posta tena. Hakuwa amemwambia kwamba hakupewa.

Njia aliyoipenda ilikuwa ile ya Mgeta, inayopita kwenye bega la mlima ambako Wakristo wa misheni walikuwa na mashamba yao ya viazi na njegere. Chini kidogo ya kanisa aliishi mama mmoja mjane, jina lake Theresia. Nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na njia, na siku ya kwanza alipomwona Rehani anapanda na mkoba, alitoka mbio na mikono yenye udongo.

"Karibu, baba! Una barua ya mwanangu? Andrea. Yuko huko kwenye kazi ya reli, mbele ya Kilosa."

Rehani aliugusa mkoba. Neno lilikuwa jepesi tu. "Leo hakuna, mama."

"Basi kesho itakuwepo," alisema Theresia. "Ngoja, usiondoke hivi hivi. Mtu anayepanda mlima kwa ajili ya watu hawezi kupita na njaa."

Akamletea uji wa mtama kwenye kata ya kibuyu, wa moto, uliotiwa ndizi mbivu. Rehani akaunywa. Tangu siku hiyo kila alipopita kata ilikuwa tayari, na kila siku mama aliuliza, na kila siku alijibiwa leo hakuna. Mara nyingine alimwambia kwamba ameota mtoto wake, mara nyingine kwamba padre hajapata habari lakini posta ya padre si kama posta ya boma, posta ya boma inafika kila mahali. Rehani aliitikia. Akifika mbele ya kanisa, mahali ambapo mama hawezi kumwona tena, aligeuka, akashuka kwa njia nyingine ya nyuma. Alijiambia kwamba kesho atamweleza. Alijiambia pia kwamba hajasema uongo mkubwa, kwa kuwa kweli hakukuwa na barua.

Mambo yalimharibikia siku ya soko. Pamba ilikuwa ikiibwa stesheni, na boma likaweka askari kwenye daraja la mto, kando ya soko. Mmoja wao alikuwa mgeni, ameletwa majuzi kutoka pwani. Alimwona Rehani anakuja kasi, akanyoosha bunduki yake njiani.

"Simama! Umebeba nini?"

"Posta."

"Posta ya nani?"

"Ya boma."

"Bomani nimetoka mimi sasa hivi. Hakuna posta iliyotoka." Akaukamata mkoba. "Mbona mwepesi hivi? Fungua."

"Afande, mkoba huu una lakiri, muhuri wa boma, hauruhusiwi kufunguliwa—"

Hakukuwa na lakiri yoyote. Askari alikata kamba kwa kisu, akaugeuza mkoba juu chini, na maganda ya mahindi yakamwagika darajani, mengine yakachukuliwa na upepo hadi kwa wauza ndizi. Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, na soko zima likapokea.

Katikati ya watu wale Rehani alimwona Theresia. Alikuwa ameshuka na kapu la viazi kichwani. Hakuwa akicheka. Alishusha kapu chini taratibu, akasogea mpaka akawa karibu naye.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "na siku zote zile?"

Mama aliyatazama maganda yaliyotapakaa, akamtazama yeye, akainua kapu lake akaenda zake.

Bomani karani alimuuliza, "Ulikuwa unaficha nini?"

"Sikuficha kitu, bwana. Nilikuwa nakimbia."

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Nakimbia tu. Napanda mlima, nashuka. Mwili unapata nafuu."

Karani akamfasiria Mdachi, Mjerumani aliyekaa mezani. Mdachi aliinua mabega. Kwa kutembea na mkoba wa serikali kwa hila, Rehani alipigwa viboko hamsa ishirini uwanjani, mbele ya watu. Majeraha yalipona baada ya muda. Jina ndilo halikupona. Tangu siku hiyo, kila alikopita, walimwita Tarishi wa Maganda, na wasiomjua walielezwa sababu, wakacheka upya.

Aliacha kukimbia. Alikwenda kazini kwa njia ya uani, akarudi giza likianza kuingia. Akakaa juu ya kasha lake. Haikuchukua muda usingizi ukaanza kumtoroka, kifua kikaanza kumbana, na asubuhi moja alimtupia Asia kikombe kwa sababu ya kelele. Hakikumpata. Lakini mtoto alimtazama kwa macho ambayo Rehani hakuweza kuyasahau mchana kutwa.

Jioni Chausiku aliketi mbele yake.

"Mume wangu, mimi sikuolewa na mkoba. Nenda ukakimbie."

"Watu watacheka."

"Wamekwisha kucheka. Amebaki nani ambaye hajacheka?" Akangoja. "Mimi hata hizo fimbo si kitu kwangu, na hata kunificha nimekusamehe, ingawa nilikuwa najisifu kisimani kwamba mume wangu amerudishiwa kazi. Lakini wanasema kuna mama wa watu huko juu uliyekuwa ukinywa uji wake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na hujaenda kumwangukia?"

"Nitamwambia nini, Mama Asia?"

"Sijui. Lakini hicho ndicho kinachokubana kifua, si maneno ya sokoni."

Alipanda kesho yake. Hakukimbia, aliona kukimbia mbele ya nyumba ile kungekuwa matusi. Theresia alikuwa akipalilia njegere, na alipomwona hakuacha jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitikia kwa sababu ya adabu tu.

"Nimekuja kuomba radhi. Sikuwa na posta. Niliona aibu kukimbia bure, ndiyo maana nikabeba ule mkoba. Sikudhamiria kukudanganya wewe."

Theresia aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mimi nilikuwa naamka mapema kukupikia. Nilidhani unachoka kwa ajili yangu."

Rehani alisikia maneno yale yakimwingia chini ya mbavu.

"Nitakwenda kumtafuta Andrea," alisema. "Nitafuata reli mpaka nimpate, nikuletee habari zake."

"Usiniletee kitu. Mdomo wako sina kazi nao tena." Akaanza tuta jingine.

Alikwenda hivyo hivyo. Tajiri wa ghala, kwa kuwa biashara ilikuwa imelala, alimpa ruhusa hadi Ijumaa. Chausiku alimfungia mihogo ya kuchoma kwenye kitambaa. Rehani alipita katikati ya mji akikimbia, mchana kweupe, mikono mitupu, na watu wakaita jina lake kutoka kila baraza. Alitamani ardhi impokee. Lakini hakupunguza mwendo, na baada ya nyumba za mwisho sauti zilibaki nyuma.

Kuacha mbio kwa muda ule kulimtesa nusu ya siku ya kwanza. Kisha ule mlango wa kifua ukafunguka kama zamani. Alifuata tuta la reli kupita mbuga za Kimamba, nyasi pande zote, jua mgongoni, miguu ikihesabu yenyewe mataruma yaliyolazwa chini ya reli. Alipokuwa akikimbia hakukumbuka kwamba yeye ni mtu wa kuchekwa. Alikuwa miguu na pumzi na jasho safi linalotoka. Alipoketi kunywa maji, aibu ikamrudia yote, ikaketi naye. Akainuka akaendelea.

Mbele ya Kilosa, penye milima, ndiko walikokuwa wakipasua mawe. Aliuliza kambi hadi kambi juu ya Mluguru mmoja Mkristo, Andrea, wa mlimani. Siku ya pili jioni walimwonyesha kijana mwembamba, amekaa peke yake akinoa tindo ya kuchongea mawe.

"Mama yako Theresia anataka kujua kama uko hai," Rehani alimwambia.

Kijana akasimama wima. "Amekutuma?"

"Hapana. Nimejituma mwenyewe."

Akamweleza yote, mkoba na maganda, uji na siku ya soko. Alitaka kufupisha, lakini alipoanza hakuweza kuacha hata kidogo. Alipofika kwenye neno la mama la siku ile darajani, Andrea alimpiga ngumi ya jicho, moja tu, nzito, Rehani akaanguka kwenye kokoto. Hakuinua mkono kujikinga. Alibaki pale pale chini akingoja ya pili.

Haikuja. Andrea alichuchumaa, akajifunika uso.

"Anapika uji kwa mtu asiyemjua," alisema, "na mimi mwanawe nimenyamaza. Nilimwambia nitarudi na nguo na ng'ombe. Nguo ninazo hizi unazoziona. Nikasema ngoja nipate kitu kwanza, halafu nitatuma neno. Ndio hivi mpaka leo."

"Hataki ng'ombe," alisema Rehani kutoka chini.

Walilala kwenye kibanda kimoja. Asubuhi Andrea alimpa ugali wa baridi na ujumbe: mkataba wake unakwisha masika yakiisha, na akimaliza, atakuja nyumbani hata kama ni mikono mitupu. Rehani aliondoka akikimbia, na alikuwa amefika mbali sana alipotambua kwamba hakuomba alama yoyote, wala kitu cha kuonyesha. Anakwenda kumpelekea mama yule maneno matupu kwa mara nyingine. Alisimama katikati ya reli. Akafikiri kurudi, lakini Ijumaa ilikuwa imekaribia. Akaendelea.

Theresia alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Umemwona."

"Nimemwona, mama. Ni mzima. Amekonda. Atakuja masika yakiisha."

"Na haya nayo umeyatoa mkobani?"

"Sina mkoba. Sina cha kukuonyesha. Nilisahau kuomba. Una haki ya kutoniamini, na mimi nimekuja kusema tu, basi."

Akageuka aende. Mama akasema, "Hilo jicho limefanywa na nani?"

Jicho la kulia lilikuwa bado limevimba, limekuwa jekundu. Rehani aliligusa kwa haya. "Ni yeye. Nilipomweleza niliyokufanyia."

Theresia alimsogelea, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga kama anavyofanyiwa mtoto. "Mlikuwa mmesimama uso kwa uso?"

"Uso kwa uso."

"Amekupiga kwa mkono wa kushoto."

"Ndiyo, mama. Wa kushoto."

Mama alikaa kizingitini. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda Rehani hakujua kama anacheka au analia. "Padre alijaribu sana kumbadilisha mkono ule," alisema mwisho. "Akashindwa." Kisha akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, uso ukarudi kuwa mgumu. "Nimekuamini. Lakini uji sikupi."

"Sikuja kuutaka, mama."

Rehani alishuka mlima akikimbia, na hakujua afurahi au afanyeje.

Andrea alikuja baada ya masika, mikono mitupu kama alivyosema, akaanza kulima na mama yake. Rehani alikuwa akipita pale alfajiri, hana mkoba, hana alichotumwa. Mjini bado walimwita Tarishi wa Maganda, ila baadaye Salehe, ambaye naye kitambi kilimwanza, alikuja uani siku moja na kumuuliza kwa kunong'ona kama miguu huuma sana mwanzoni. Rehani akamwambia inauma, na kwamba haya inauma zaidi, na kwamba usiku atalala. Wakawa wawili.

Kila walipolikaribia shamba la njegere, Rehani alipunguza mwendo akaamkia. Theresia aliitika marahaba, siku nyingine akainua kichwa, siku nyingine hakuinua. Salehe aliwahi kumuuliza kwa nini hachukui ile njia ya chini, iliyo rahisi zaidi. Rehani alitafuta jibu mpaka kileleni, akahema, akajifuta jasho.

"Nikiikwepa nyumba ile," alisema, "nitakuwa nakimbia tena kama mwizi."

Kisha wakageuka kuteremka, maana jua lilikuwa limekwisha kutoka na ghala lilikuwa linamngoja Rehani.